foobar2000: Programu kwa Mwenye Nyimbo Nyingi Kuliko Siku Zake

Diski yangu ya nje ina faili 118,406 za nyimbo. Zikipigwa mfululizo, usiku na mchana, zitachukua wiki 53 na siku 6 kwisha. Mimi husikiliza muziki kwa muda wa saa mbili hivi kila siku, saa moja alfajiri kabla ya kutoka na saa moja baada ya chakula cha jioni, na kwa mwendo huo kuupitia mzigo wote mara moja tu kunahitaji zaidi ya miaka 12, tena kwa sharti la kutorudia wimbo hata mmoja, sharti ambalo mpenzi wa muziki wa dansi hawezi kulitimiza kwa wiki moja, seuze miaka 12. Nina umri wa miaka 58. Hesabu hii sikuwa nayo mpaka nilipoanza kutumia foobar2000, programu ya bure ya kupigia muziki kwenye kompyuta, na baada ya kuitumia kwa karibu miaka mitano ninaona nina haki ya kuitathmini. Nitaitathmini kwa kigezo kimoja kikubwa: inamsaidia nini mtu ambaye nyimbo zimemzidi?

Mzigo wenyewe ulikusanyika kwa njia ambazo wengi mtazitambua. Marehemu baba yangu, tulipokuwa tukiishi Morogoro, aliacha kanda zaidi ya 140, nyingi zikiwa za dakika 60, alizorekodi kwa kuvizia vipindi vya muziki vya Radio Tanzania huku kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Kanda hizo nilizihamishia kwenye kompyuta mwenyewe, moja baada ya nyingine. Zikafuata CD, kisha ikaja enzi ya flashi, na hapo ndipo mambo yalipofurika. Kariakoo kuna vibanda ambamo kijana hukaa na kompyuta yake, spika moja ikiwa imeelekezwa barabarani, na kazi yake ni kuwajazia watu nyimbo. Hakuulizi unataka wimbo gani. Hukuuliza flashi yako ina nafasi kiasi gani.

"Mzee, hii ni GB 32, nikujazie yote?" aliniuliza mmoja wao.

"Jaza, mwanangu," nilimjibu, na wala sikuona kwamba nimesema jambo kubwa. GB 32 za faili za kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni zaidi ya saa 550 za muziki. Niliziweka mfukoni nikaondoka nazo, na mwezi uliofuata nikarudi na flashi nyingine. Wanamuziki waliozipiga nyimbo hizo hawakupata chochote katika biashara ile, nami leo hii jambo hilo linanichoma kuliko lilivyonichoma wakati ule. Tangu nilipoanza kuzisikiliza kwa utaratibu nimekuwa nikinunua nakala halali za bendi ninazozipenda kila ninapozipata.

Sasa nije kwenye programu yenyewe. foobar2000 ilitolewa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2002 na Peter Pawlowski, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi kwa ajili ya kampuni iliyotengeneza Winamp, ile programu ya kupigia muziki ambayo kila aliyeingia kwenye intaneti kafe miaka hiyo anaikumbuka. Imetengenezwa hasa kwa ajili ya kompyuta za Windows, ingawa yapo pia matoleo ya Mac na ya simu. Haiuzwi. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umekosea, kwa kuwa sura yake ni kavu kama daftari la mahesabu: safu za maandishi, mstari wa kuonyesha wimbo umefika wapi, na vitufe vichache. Hakuna picha za kung'aa, hakuna pendekezo la wimbo wa leo. Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani na kumbukumbu yake ni GB 4 tu, lakini programu hii inazishika faili zote 118,406 bila kukwama, na nikiandika herufi tatu za jina la mwimbaji, majibu hutokea kabla sijaandika ya nne. Programu mbili nilizokuwa nikizitumia awali zilikuwa zikiganda kila nilipoifungua folda kubwa.

Kasi peke yake isingenifanya niandike. Kilichonishika ni nyongeza yake rasmi inayoitwa Playback Statistics. Ukishaiweka, programu huanza kuandika kimyakimya kumbukumbu za kila wimbo: uliingia lini kwenye maktaba, ulipigwa lini kwa mara ya kwanza, ulipigwa lini kwa mara ya mwisho, na jumla umepigwa mara ngapi. Wimbo huhesabiwa kuwa umepigwa baada ya kusikika kwa dakika moja. Baada ya miaka mitatu ya kumbukumbu hizo, jioni moja nilifungua sehemu ya kutafutia na kuandika maneno haya kama yalivyo: %last_played% MISSING. Maana yake ni kwamba nionyeshe kila wimbo ambao haujawahi kupigwa. Programu ilinipa faili 110,494.

Nilitoa kichwani: nilikuwa nimesikiliza nyimbo 7,912, yaani chini ya 7 katika kila 100. Nikapanga orodha kwa idadi ya kupigwa na kukuta wimbo mmoja wa Orchestra Maquis Original ukiwa juu kabisa, umepigwa mara 211. Siulaumu wimbo ule, na nitaupiga tena kesho. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikijitambulisha mbele ya watu kuwa mimi nina hazina ya muziki wa zamani, watu wakinipigia simu kuuliza kama nina wimbo fulani, nami nikijibu ninao, wakati ukweli ni kwamba nilikuwa na faili lake. Kumbe kuwa na faili na kuwa na wimbo ni vitu viwili tofauti, na hii ni programu ya kwanza iliyonitenganishia vitu hivyo kwa namba.

Swali lile lile la utafutaji linaweza kuhifadhiwa kuwa orodha inayojijaza na kujipunguza yenyewe. Yangu nimeiita "Bado". Wimbo ukishapigwa kwa dakika moja, hutoka kwenye orodha bila mimi kugusa kitu. Nilijiwekea utaratibu kwamba saa ya alfajiri ni ya Bado, na saa ya jioni ni ya nyimbo ninazozipenda. Hapa nitoe angalizo kwa atakayeiga: programu ina namna kadhaa za kuchanganya nyimbo, na Random si sawa na Shuffle. Random huokota wimbo wowote bila kujali kama umeupiga sasa hivi. Shuffle hukoroga orodha nzima kisha ikaipitia wimbo baada ya wimbo mpaka iishe. Ipo pia Shuffle ya albamu na ya folda, na kwa kanda za baba yangu hii ya folda ndiyo inayofaa, kwa sababu kila kanda ina mpangilio wake na sauti za watangazaji katikati, na kuitawanya ni kuiharibu.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya majina, na hapa ndipo mwenye muziki wa Afrika Mashariki anapopata shida ambayo watengenezaji wa programu za aina hii hawakuifikiria. Chukua bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadilika, bendi ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji ni bendi moja yenye ukoo mmoja wa waimbaji na wapiga gitaa waliorithishana. Kwa kompyuta ni bendi nne zisizojuana. Kwa upande wa pili, kwa kuwa vibanda vya flashi havina mhariri, Mbaraka Mwinshehe alikuwa kwenye diski yangu kwa tahajia kumi na moja, zikiwamo Mbaraka Mwinyishehe, Mwaruka Mbaraka na M. Mwinshehe, huku nyimbo zake nyingine zikiwa zimeandikwa jina la bendi yake pekee, Morogoro Jazz au Super Volcano. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikuwa Salim Abdullah mahali pengine, na katika folda moja aliitwa Cuba tu. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, alikuwa ndani ya folda ya modern taarab, katikati ya vinanda vya umeme.

foobar2000 haikurekebishii majina hayo peke yake, nami nashukuru kwamba haijaribu, kwa kuwa programu moja niliyoitumia zamani ilijaribu na ikazipa nyimbo za kwaya ya Kilutheri jina la bendi ya Ulaya. Inachofanya ni kukupa zana. Unachagua faili 300 kwa pamoja, unafungua dirisha la sifa zake, unaandika jina sahihi mara moja, na zote 300 zinabadilika. Zaidi ya hapo, inakuruhusu kubuni sehemu yako mwenyewe ya taarifa. Mimi nimebuni moja inayoitwa KUNDI. Jina la msanii nimeliacha kama lilivyokuwa kwenye santuri au kanda, kwa heshima ya kumbukumbu, lakini kwenye KUNDI bendi zote nne nimeziandika Msondo Ngoma. Sasa nikiandika kundi IS msondo ngoma, nyimbo zote zinajipanga mbele yangu, na nikizipanga kwa mwaka nasikia bendi ikikua, magitaa yakiongezeka na tarumbeta zikibadilisha lugha yake. Sijui kama kuna huduma yoyote ya muziki inayoweza kunipa kitu hicho.

Baada ya majina kunyooka, nakala rudufu zikajitokeza zenyewe. Wimbo mmoja niliukuta mara 31. Nilibakiza nakala iliyo safi kuliko zote, nyingine nikazihamishia kwenye folda ya kando, kwa kuwa kufuta sijapata ujasiri nao. Faili za kando sizihesabu katika ile namba ya mwanzo.

Kuna tukio moja ambalo kwangu ndilo lililoipa programu hii thamani yake. Katika kanda za baba kuna wimbo wa Morogoro Jazz ambao nimeuimba tangu nikiwa mtoto. Unaishia kwenye dakika ya tatu na kidogo, gitaa la solo likianza kupanda, kisha sauti inafifia taratibu na mtangazaji anaingia. Kwa zaidi ya miaka 40 niliamini kwamba ndivyo ulivyotungwa. Wasomaji wenye umri wangu wanajua kwamba santuri ndogo za wakati ule, nyingi zikitengenezwa Nairobi, hazikuweza kubeba wimbo mzima wa dansi upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na redio haikuwa kila mara na muda wa kugeuza.

Asubuhi moja ya masika mwaka jana nilikuwa napiga pasi shati, Bado ikiendelea nyuma yangu. Wimbo uliotangulia ukaisha, ukaanza mwingine kwa kufifia kuelekea juu, gitaa likiwa tayari liko katikati ya safari. Mkono wangu ulisimama. Nililijua gitaa lile kabla ya kujua kwa nini ninalijua. Liliendelea na mzunguko wake, saksafoni zikalijibu, halafu sauti ya Mbaraka ikarudi kwenye mstari wa mwisho wa ubeti ninaoujua, ila safari hii akaongeza mistari minne ambayo sikuwahi kuisikia maishani. Niliweka pasi chini, nikaenda kutazama kwenye kioo. Faili liliandikwa "Track 11", msanii hajulikani, dakika 3 na sekunde 24, liliingia kwenye kompyuta zangu mwaka 2014 kutoka kwenye flashi ya Kariakoo. Nililala nalo chumba kimoja kwa miaka yote hiyo.

Nilizipa faili mbili jina moja la albamu na namba 1 na 2, nikazipiga. Programu hii hupiga nyimbo mbili zilizofuatana bila kuweka ukimya wake katikati, kwa hiyo ile sehemu ya kwanza ilipofifia, ya pili iliipokea. Nilimpigia simu kaka yangu aliyeko Kilosa, nikaiweka simu karibu na spika. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe uliendelea?"

Jambo jingine linalostahili sifa ni ReplayGain. Kanda za redioni zina sauti ya chini na ya kukwaruza, nyimbo za bongo fleva za miaka ya karibuni zina sauti ya juu mno, na mtu anayezichanganya hulazimika kukimbilia spika kila baada ya dakika nne. Programu hupima kila wimbo mapema na kuandika kipimo pembeni, kisha wakati wa kupiga hulinganisha sauti. Muziki wenyewe ndani ya faili hauguswi. Kupima diski yangu yote kulichukua siku mbili na usiku wake, na sijajuta.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni lugha. Kila kitu kiko kwa Kiingereza, na utafutaji wenye nguvu unadai maneno yake maalumu yaandikwe kwa usahihi. Kijana atazoea kwa siku moja, lakini mzee mwenzangu mwenye kanda nyingi na Kiingereza kidogo atahitaji mtu wa kumkalia pembeni kwa wiki nzima. Ya pili ni kile kipimo cha dakika moja. Kwa taarab ya Zanzibar, ambapo vinanda hutangulia kwa dakika kadhaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa, wimbo huondoka kwenye Bado kabla hata sijasikia neno la kwanza, na nikilala kompyuta ikiwa inapiga, kesho yake nakuta nyimbo 90 zimehesabiwa kuwa nimezisikiliza. Nimejifunza kuzima kabla ya kulala.

Ya tatu iliniumiza. Kumbukumbu za kupigwa kwa nyimbo hazikai ndani ya faili za nyimbo. Zinakaa kwenye hifadhi ya programu, ndani ya kompyuta. Mwaka wangu wa kwanza kompyuta iligoma, nikaipeleka kwa fundi, naye akaiwekea Windows upya bila kuniuliza. Nyimbo zilikuwa salama kwenye diski ya nje, lakini mwaka mzima wa kumbukumbu ulifutika, na programu ikaniona mgeni. Ipo amri ya kuziandika kumbukumbu hizo ndani ya faili zenyewe, na ipo ya kuzirudisha, lakini unatakiwa uitafute mwenyewe kwenye menyu. Mimi sikuijua mpaka baada ya hasara. Sasa naifanya kila Jumamosi, na folda ya mipangilio ya programu naikopi kwenye flashi ninayoiweka kabatini. Toleo la simu nalo linapiga vizuri, ila kwangu limekuwa kama programu nyingine kabisa, kwa kuwa ninachosikiliza kwenye daladala hakihesabiwi nyumbani.

Wapo watakaouliza kwa nini nihangaike na diski wakati huduma za kusikiliza mtandaoni zipo. Spotify, iliyofungua milango yake Tanzania na Kenya mwaka 2021, inasema ina nyimbo zaidi ya milioni 100. Binti yangu anaitumia na anaifurahia, nami nimeisikiliza kwake. Lakini sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania akisoma salamu kati ya nyimbo mbili mwaka 1978 haimo humo, na ile sehemu ya pili niliitafuta kwenye simu yake kwa majina yote ninayoyajua, nikaikosa. Isitoshe, bando likiisha, milioni 100 zinakuwa sifuri.

Kwa mwenye nyimbo 500 kwenye simu, programu hii ni mzigo usio na sababu. Kwa mwenye sanduku la kanda, au mwenye diski ambayo ameacha kuifungua kwa kuogopa wingi wake, ningemshauri aipakue kutoka tovuti yake rasmi, aweke nyongeza ya kumbukumbu siku hiyo hiyo ya kwanza kabla ya kupiga wimbo wowote, kwa sababu haiwezi kukumbuka yaliyopita kabla yake, na asianze na majina yote kwa pamoja. Mimi nilianza na bendi moja, kila Jumapili, na ilinichukua miezi saba kufika herufi ya M.

Tangu niiunde orodha ya Bado imepita miezi 11. Leo asubuhi ilisomeka 104,870. Kesho alfajiri ni zamu ya kanda namba 63, upande wa pili, ambayo kwenye karatasi yake baba ameandika kwa kalamu ya risasi neno moja tu: "Nzuri".